Adui Ndiye Aliyetupiga Picha



Miongoni mwa barua zilizonifikia mwezi huu imo moja kutoka Malindi. Naharakisha kusema kwamba hii si Malindi ya Kenya, wala ile ya Unguja mjini. Ni Malindi ya Lushoto, kule juu Usambara, kwenye kabichi, viazi na ukungu wa asubuhi. Mwandishi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, na sasa analima karoti pamoja na mjomba wake. Jioni, kazi ikiisha, huenda kwenye kibanda cha video kutazama zile sinema ambazo bwana mmoja aitwaye DJ huzitafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, na mara nyingine huwatungia maneno ambayo hawakuyasema kabisa.

Kijana huyu anapenda sinema za vita, hasa zile za Wazungu waliopambana kwa siri na Manazi wa Hitler: wanaolipua reli usiku, wanaoficha redio chini ya sakafu, wanaokamatwa na kuteswa bila kumtaja mwenzao. Kisha ananiuliza: "Mzee, katika sinema zote hizo sijamwona mtu mweusi hata mmoja upande wa wapinzani. Je, sisi hatukuwapo? Au tulikuwapo tukanyamaza?"

Jibu fupi, mwanangu, ni kwamba tulikuwapo. Hatukuwa wengi, lakini tulikuwapo. Jibu refu linahitaji muda, na ndiyo mazungumzo ya leo.

Nianze na mtoto wa Dar es Salaam. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa mjini humo mwaka 1904, baba yake akiwa askari wa jeshi la Wajerumani, mtu mwenye asili ya Sudan. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, mtoto huyo wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kule kusini, Waingereza wakamteka. Vita vilipokwisha alifanya kazi melini, na mwaka 1929 alifika Ujerumani, akaenda Berlin kudai mishahara ya kijeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Alikwenda mwenyewe mpaka Wizara ya Mambo ya Nje akaweka madai yake mezani. Hawakumlipa.

Hakurudi. Berlin alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu katika jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa mwanamke Mjerumani Januari 1933, siku chache tu kabla Hitler hajakabidhiwa serikali. Na akacheza sinema. Tangu mwaka 1934 hadi 1941 alionekana katika filamu nyingi za Wajerumani, nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka za mcheza sinema ye yote wa Tanganyika wa enzi zile.

Alicheza nini? Ndugu msikilizaji, alicheza "boi". Alibeba sinia, alibeba bunduki ya bwana, alisimama nyuma ya kiti cha bwana. Mwaka 1934 alikuwamo katika filamu iliyoitwa Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, yaani wapanda farasi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, inayohusu vita vile vile alivyojeruhiwa akiwa mtoto. Mwaka 1941 alikuwamo katika filamu ya Carl Peters, safari hii kama mtumishi mwaminifu na mkalimani wa huyo bwana. Carl Peters tunamfahamu. Ndiye aliyezunguka Usagara mwaka 1884 akiwatia watu sahihi katika mikataba wasiyoweza kuisoma, na ndiye aliyefukuzwa kazi na serikali yake mwenyewe mwaka 1897 kwa sababu ya Waafrika aliowanyonga Kilimanjaro. Hitler alimsafisha mwaka 1937, na miaka minne baadaye sinema ikamfanya shujaa. Mwelekezaji wa filamu hizo mbili alikuwa mtu mmoja, Herbert Selpin. Yeye naye aliropoka maneno ya kulisema vibaya jeshi la Wajerumani, akatiwa ndani, na mwaka 1942 akakutwa amekufa gerezani. Serikali ile haikuwa na rafiki wa kudumu.

Mwaka huo huo wa filamu ya Carl Peters, yaani 1941, Husen alikamatwa na polisi wa siri, Gestapo. Kosa lake lilikuwa uhusiano na mwanamke mweupe, jambo ambalo Manazi waliliita kuchafua damu. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, akakaa humo miaka mitatu, na tarehe 24 Novemba 1944 akafariki. Alikuwa na umri wa miaka arobaini.

Sasa angalia jambo hili. Uso wa mtu huyu tunao leo. Tunao unaotembea, unaocheka, unaogeuka kumtazama bwana wake. Tunao kwa sababu walewale waliomuua walikuwa wamempiga picha. Mwaka 2013 mtengenezaji filamu Mjerumani, Eva Knopf, alikusanya vipande vya sinema hizo akatengeneza filamu yake iitwayo Majubs Reise, safari ya Majubu, na ndani yake jicho la mtazamaji linaondolewa kwa bwana aliye mbele na kupelekwa kwa mtumishi aliye nyuma. Ukimtazama mtumishi peke yake, ile sinema ya zamani inakuwa sinema nyingine kabisa.

Najua kuna atakayesema: huyu hakuwa mpinzani. Alivaa sare ya uaskari katika mikutano ya Wajerumani waliotaka kurudishiwa makoloni, alikula mshahara wao, alicheza sinema zao. Ni kweli, na sitaki kumpaka rangi asiyokuwa nayo. Husen hakulipua reli. Lakini mtu anayekwenda mwenyewe kudai haki yake wizarani, tena Berlin, na anayekataa kuambiwa ampende nani katika nchi ambayo jambo hilo ni kifo, siwezi kumweka katika kundi la waliokubali. Wazungu wenyewe wana filamu nyingi za watu wa namna hiyo: karani aliyetumikia Wajerumani mpaka siku moja akashindwa, mwanamke aliyekula nao meza moja huku moyo ukimsuta. Filamu hizo huwa nzuri kuliko zile za kulipua madaraja. Kwa nini karani wa Paris aruhusiwe kuwa na moyo uliogawanyika, na mhudumu wa Dar es Salaam asiruhusiwe?

Hata hivyo kijana wetu wa Malindi anamtaka mpiganaji halisi, mwenye bunduki. Yuko. Tena ni jirani yetu, Msomali.

Giorgio Marincola alizaliwa mwaka 1923 Mahaday, kaskazini ya Mogadishu. Baba yake alikuwa askari Mwitaliano, mama yake Msomali aitwaye Aschirò Hassan. Akiwa mtoto mdogo baba yake alimpeleka Italia, akalelewa kwa jamaa kusini ya nchi, kisha akasoma Roma. Huko shuleni alifundishwa na Pilo Albertelli, mwalimu wa falsafa aliyekuwa adui mkubwa wa Mussolini. Wajerumani walipoikalia Roma Septemba 1943, mwalimu na mwanafunzi wote wawili waliingia katika mapambano. Mwalimu aliuawa Machi 1944 katika mapango ya Ardeatine pamoja na watu zaidi ya mia tatu. Mwanafunzi aliendelea. Roma ilipokombolewa angeweza kurudi kwenye masomo yake ya udaktari, kwani alikuwa na umri wa miaka ishirini tu na vita kwa upande wake vilikwisha. Badala yake alijiunga na kikosi cha siri cha Waingereza, akarushwa kwa mwavuli nyuma ya majeshi ya Wajerumani, kaskazini ya Italia.

Januari 1945 alikamatwa. Hapa ndipo sisi watu wa redio tunapopaswa kusikiliza kwa makini. Mafashisti walikuwa na kituo chao cha redio, wakamketisha Marincola mbele ya kipaza sauti ili awaambie wenzake kwamba wapinzani ni wahuni na kwamba amejuta. Walitaka sauti ya mtu mweusi ije kuwatukana wapiganaji wa Italia. Kipaza sauti kilipofunguliwa, alisema kinyume. Akasema analipigania taifa la watu huru, na kwamba kwake nchi ya baba ni uhuru na haki. Waliokuwa wakisikiliza mbali huko walisikia makofi na vishindo, kisha matangazo yakakatika.

Mimi nimekaa mbele ya kipaza sauti miaka mingi, na hofu yangu kubwa imekuwa kukohoa.

Marincola hakuuawa siku hiyo. Alipelekwa kambi ya Bolzano, akatolewa mwisho wa Aprili 1945 vita vikiwa vinamalizika. Alipewa nafasi ya kwenda Uswisi akaikataa, akaungana tena na wapiganaji milimani. Tarehe 4 Mei 1945, Mussolini na Hitler wote wameshakufa, wanajeshi wa SS waliokuwa wakirudi kwao walimpiga risasi kijijini Stramentizzo. Italia ilimpa nishani yake ya juu ya ushujaa, ile ya dhahabu, baada ya kufa kwake.

Sasa tuje kwenye sinema. Mwaka 1945, Roma ikiwa bado inanuka baruti, Roberto Rossellini alitengeneza Roma città aperta, filamu ambayo ulimwengu mzima huitaja kila zinapotajwa filamu za mapambano. Hadithi yake ni ya miezi ile ile ambayo Marincola alikuwa akipigana katika mji ule ule. Humo yumo padri, yumo fundi mkomunisti, yumo mama mjamzito. Msomali hayumo. Simlaumu Rossellini. Filamu moja haiwezi kubeba mji mzima, na mwaka uliofuata, katika Paisà, aliweka askari mweusi wa Kimarekani akitembea na mtoto yatima Napoli, sehemu ambayo ukiiona huisahau. Ninachokilaumu ni miongo iliyofuata, filamu juu ya filamu, bila mtu kukumbuka. Na kuna jambo la ajabu zaidi: dada yake Giorgio, Isabella Marincola, aliingia katika sinema. Yumo katika filamu mashuhuri ya mwaka 1949, Riso amaro, miongoni mwa wanawake wanaopanda na kupalilia mpunga. Kwa hiyo watengenezaji sinema wa Italia walikuwa na dada wa shujaa mbele ya kamera zao, amesimama tope likimfika magotini, na hakuna aliyemwomba awasimulie habari za kaka yake ili waitengenezee filamu.

Mwaka 2020 Baraza la Jiji la Roma lilipiga kura kutaka kituo kipya cha treni ya chini ya ardhi kipewe jina lake, badala ya jina la Amba Aradam, mlima wa Uhabeshi ambako Waitaliano walitumia gesi ya sumu mwaka 1936. Imechukua miaka sabini na mitano kwa jina lake kufika hata kwenye kura.

Wafaransa nao wana yao. Februari 1944 Wajerumani waliwaua kwa risasi, nje ya Paris, Missak Manouchian na wenzake, wengi wao wageni: Waarmenia, Wayahudi kutoka Poland na Hungaria, Wahispania, Waitaliano. Walichapisha pia tangazo jekundu lenye nyuso za kumi kati yao na kulibandika kila ukutani, ili Wafaransa waone kwamba hao mnaowaita wakombozi wenu ni wageni na majambazi. Unaona, msikilizaji? Tena ni adui aliyewapiga picha. Kwa muda mrefu baada ya vita sinema mashuhuri za Ufaransa ziliwaonyesha wapinzani wenye majina ya Kifaransa na makoti ya Kifaransa. Filamu yao kubwa, L'Armée du crime, ilikuja mwaka 2009. Manouchian mwenyewe aliingizwa katika jumba la mashujaa wa taifa, Panthéon, Februari 2024.

Na mweusi? Alikuwapo Addi Bâ, mzaliwa wa Guinea, askari wa Ufaransa aliyetekwa mwaka 1940, akatoroka, akaunda kikundi cha wapiganaji katika misitu ya Vosges. Wajerumani walimpiga risasi Épinal, Desemba 1943. Nishani ya mapambano alipewa mwaka 2003, miaka sitini baadaye. Filamu yake, Nos patriotes, ilitoka mwaka 2017, na aliyeigiza nafasi yake ni Marc Zinga, mzaliwa wa Likasi, Katanga, kwa wasema Kiswahili wenzetu.

Wapo wanaosema madai haya ni ya siku hizi: kwamba watu wanataka kuchomeka sura nyeusi kila mahali hata pale ambapo hazikuwapo, ili kuridhisha wakubwa. Hoja hiyo naichukua kwa uzito. Sitaki mtu mweusi awekwe katika kijiji cha Norway ambako hakuna aliyewahi kufika. Huo utakuwa uongo, na uongo wa kutupendeza ni uongo vile vile. Lakini kumwondoa alipokuwapo ni uongo pia, na huu wa pili ndio uliotawala. Mwaka 1944 wenyewe ulianza kazi hiyo kabla ya sinema. Makamanda wa Washirika walitaka kikosi kitakachoingia Paris kiwe cha Wazungu, na askari weusi wakaondolewa katika divisheni ya Leclerc. Msimu wa vuli ulipofika, askari wa Afrika Magharibi waliopigana kutoka kusini ya Ufaransa walivuliwa makoti yao wakavishwa vijana wa Kifaransa. Mpiga picha aliyekuja baadaye alikuta kazi imeshafanywa.

Na usidhani ni mambo ya sura tu. Septemba 2006 ilionyeshwa Ufaransa filamu iitwayo Indigènes, ya Rachid Bouchareb, kuhusu askari wa Afrika Kaskazini waliopigana kuikomboa Ufaransa. Pensheni za wazee hao zilikuwa zimegandishwa tangu nchi zao zipate uhuru, kiasi kwamba mzee wa Morocco alipata sehemu ndogo tu ya alichopata mwenzake Mfaransa waliyelala naye handaki moja. Rais Jacques Chirac aliitazama filamu hiyo, na wiki ile ile iliyotoka serikali ikatangaza kuzipandisha. Barua za wazee za miaka arobaini zilikuwa zimeshindwa kufanya hivyo. Hapa kwetu wazee wa KAR waliokwenda Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944 walirudi na mafao madogo mno kuliko ya wenzao weupe wa cheo kile kile. Wengi wamekwisha kufa, na hawakupata filamu ya kumtia rais ye yote aibu.

Turudi Usambara, kwa sababu nina jambo ambalo huenda kijana wetu hajaambiwa. Milima yake iliwahi kuwa makao ya sinema. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri, juu ya Korogwe, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa fedha za taasisi ya Carnegie ya Marekani, waliendesha mradi wa majaribio ya kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Walitengeneza filamu zipatazo thelathini na tano. Walioigiza walikuwa wenyeji wa hapo hapo, wakulima na vibarua. Kisha filamu zikapakiwa garini na kuzungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na mpaka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Moja ilihusu benki ya posta: mjinga anafukia fedha zake ardhini zinaibiwa, mwerevu anaziweka posta. Nyingine zilihusu safura, malaria ya watoto na kodi.

Kwa hiyo hesabu mwenyewe. Mwaka 1934 Berlin inamweka Majubu nyuma ya kiti cha bwana. Mwaka 1935 Vugiri inamweka Msambaa mbele ya dirisha la posta. Filamu za Vugiri hazikuwa na chuki, nalisema hilo kwa haki. Lakini katika milima ile ile, mwaka 1895, Wajerumani walikuwa wamemnyonga Mputa, Mkilindi wa Vuga, na wazee waliolishuhudia hilo walikuwa bado hai kamera ilipofika. Hakuna aliyewaelekezea.

Nasi wenyewe je? Tuna kamera sasa, tena kijana ye yote anayo moja katika simu. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895, mwaka ule ule wa Mputa. Keti uhesabu filamu za Kiswahili ulizoziona juu yao, kisha hesabu za mume aliyerogwa na hawara. Mimi nilipohesabu sikuhitaji vidole vya mkono wa pili kwa zile za kwanza, wala wa kwanza.

Filamu za Vugiri zilizobaki ni chache mno, nazo zimehifadhiwa London. Mojawapo inaonyesha mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro. Nyingine zimepotea. Ila waliocheza humo walikuwa na watoto, na watoto hao wana wajukuu, na huenda jioni moja bibi aliwahi kusimulia jinsi Wazungu walivyomwambia atembee, arudi nyuma, atembee tena. Msikilizaji wa Vugiri, wa Bungu, wa Vuga, wa Soni, wa Lushoto au wa Malindi mwenye masimulizi hayo, niandikie: jina la aliyecheza, kijiji chake, na alichoambiwa afanye. Anwani ni ile ile. Nitazisoma hapa, barua kwa barua, kwa kadiri zitakavyofika.